Mtu Aliyesimama Umeme Ukikatika

Umeme ukikatika, Mwalimu alikuwa anasimama. Hasemi kitu, haendi popote. Anasimama tu, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa kushoto, anasikiliza. Nilimwona akisimama kwenye harusi ya mpwa wangu, sheikh ndiyo kwanza anamuuliza bwana harusi kama amekubali, na ukumbi mzima ukadhani mzee ana pingamizi. Nilimwona akisimama kwa kinyozi pale Rahaleo, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, shuka linaning'inia shingoni. Waliomzoea hawakuuliza. Wageni walidhani kapigiwa simu ya msiba. Kama yuko karibu na chuo, alisikiliza mpaka jenereta ingurume ndipo anakaa. Kama yuko mbali, alinipigia mimi.

"Mwanangu, imewaka?"

Hakutaja nini. Nikimwambia imewaka, anakata simu bila kuaga. Mimi nilikuwa fundi wa maabara yake, hapo chuoni Mtwara, na ningekuwa mtu wa kununa ningeshaacha kazi zamani. Lakini nilijua. Nyuma ya mlango wetu wenye kufuli mbili kulikuwa na tanuri, ndani ya tanuri mrija wa kioo uliozibwa kwa moto, na ndani ya mrija ule, nadhani, kulikuwa na roho ya mzee mwenyewe.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Wenye kujua nasaba yake wapo na wana nafasi ya kusimulia. Jina lake nalo naliacha, maana chuo kizima kilimwita Mwalimu, kana kwamba walimu wengine ni wapita njia. Yeye Mmakua, mimi Mmakonde, kwa hiyo tulikuwa watani, na bila utani huo mmoja wetu angeshamnyonga mwenzake. Mimi nilimwambia Wamakua ndivyo walivyo, wanaogopa giza. Yeye alinijibu kuwa Mmakonde akiachiwa tanuri atachoma mihogo ndani yake.

Alikuwa ananuka kitunguu saumu. Hili lazima niliseme mapema kwa sababu ndilo watu walilolijua kwanza. Ukiingia ofisini kwake, ukikaa naye kwenye benchi, hata ukipishana naye ngazini, unapigwa na harufu ya kitunguu saumu kilichopondwa, na mwenyewe hata kukionja hakionji. Ufukoni, alikokuwa akiishi, walisema anajikinga na wachawi. Mkewe, mama mpole lakini si mjinga, aliwahi kunivuta pembeni akaniuliza kama mumewe anakula kwa mtu mwingine. Nilicheka hadi nikakaa chini, kisha nikamweleza. Yale madini ya kijivu anayoyapika, yanaitwa teluriamu, yakiingia mwilini hata kidogo kiasi cha vumbi la chaki hutoka na pumzi kwa miezi, na hunuka hivyo hivyo. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bora ungeniambia ni mwanamke." Tangu siku hiyo nami nikawa ninanusa mikono yangu kila nikitoka kazini.

Sasa anapika nini? Wanafunzi wapya wote waliuliza, na yeye aliwajibu kwa habari ya msiba.

Alisema, chukulieni kwamba ndani ya chuma kuna watu, nao ndio elektroni. Chuma kikiwa na joto wanahangaika huku na huku. Kuna vyuma vya mchanganyiko ambavyo vikipoa, watu wale wanakaa chini kwa safu, kama waombolezaji kwenye mikeka, kila mmoja na nafasi yake. Msiba ukishakaa hivyo, jaribu kupita katikati uone. Umeme nao unapita kwa taabu. Lakini kuna tabia nyingine, na hiyo hutokea kwenye baridi ambayo Mtwara haijaiota hata ndotoni: watu wale wanashikana mikono wawili wawili, wanatembea bila kugongana na mtu, na umeme unapita bila kupungua hata chembe. Ukinzani, yaani ile taabu ya umeme kupita, unakuwa sifuri. Si mdogo, alisisitiza, sifuri. Na tabia hizi mbili hazipendani. Safu zikikaza, hakuna wa kutembea.

"Sasa mimi," alikuwa anasema, na hapo ndipo alipokuwa anatabasamu, "ninawatilia watani."

Watani ni chuma cha tatu, kidogo mno, kinachochanganywa na vile viwili. Kila mtu wa kwetu anajua mtani akiingia msibani anafanya nini. Anajilaza mkekani, anamwiga marehemu anavyokohoa, anadai asipopewa kitu maiti haitoki. Safu zinavunjika, watu wanainuka, wengine wanacheka na machozi yako mashavuni. Wakishainuka, huenda wakashikana mikono. Watani wakiwa haba, msiba unaendelea na safu zake. Wakizidi, ni fujo, hakuna msiba wala matembezi. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kutafuta hapo katikati, wawe wangapi na wakae wapi.

Alikuwa na msemo mmoja ambao tuliusikia hadi ukatutoka masikioni: kitu cha moto hakitaki haraka. Mrija ulishushwa joto kwa wiki nyingi, pole pole, kiasi kwamba ukishika ukuta wa tanuri leo na kesho hujui tofauti. Aliamini chuma kikipozwa taratibu kila kitu hupata mahali pake. Wanafunzi waliowahisha majibu aliwarudishia karatasi bila kuisoma. Swichi ya ukutani ya tanuri aliiwekea kifuniko cha bati la mkebe wa maziwa, akakipigilia misumari, mtu asije akaigusa kwa bahati mbaya.

Na mtu huyo huyo, jamani, hakuweza kusubiri chai ipoe. Aliimimina kwenye kisosi, akapuliza mara mbili, akaivuta kwa sauti ya kutia aibu. Foleni ya benki ilimshinda, alikuwa anarudi nyumbani kisha ananituma mimi. Baiskeli aliiendesha kama anafukuzwa. Nilimwambia siku moja kwamba subira yake yote ameifungia ndani ya tanuri, huku nje haikubaki. Akasema ni kweli, na akaomba kisosi kingine.

Neno lake jingine lilikuwa "bado". Ukimuuliza kama mtihani umekwenda vizuri, bado. Mwanawe kapata kazi Dar es Salaam, tukampongeza, akasema bado. Alikuwa na wasiwasi na kila jema, kana kwamba jema likisikia linasifiwa litaondoka. Nilidhani ni tabia tu. Baadaye nilielewa kwamba ni kazi ile iliyomfanya hivyo, kwa sababu Mwalimu hakuwahi kuona kwa macho yake kitu alichokuwa anakitafuta.

Baridi inayotakiwa haipo kwetu. Mrija ukitoka, vipande vyeusi vinavyong'aa vilifungwa kwenye pamba na kutumwa ng'ambo, kwa profesa mmoja aliyesoma naye, ambaye maabara yake ina mashine za kupozea. Sisi tulipika, wao wakaonja. Hapa Mtwara tuliweza kuona nusu tu ya habari. Zile safu hukaa kwenye baridi isiyo kali sana, chini kidogo ya barafu, kwa hiyo tulichukua ndoo, tukatia barafu na chumvi ya mawe, tukazamisha kipande kikiwa kimefungwa nyaya, na kuangalia mita ya zamani ya mshale. Mshale ukiruka, watu wamekaa msibani. Usiporuka, wamesimama, na hapo unaweza kuanza kuwa na tumaini.

Karibu kila mara uliruka.

Isipokuwa mrija mmoja. Ule ulipikwa wakati wa Idd, Idd ambayo Mwalimu alimwoza mwanawe kijijini kwao, huko karibu na Ruvuma, siku ambazo umeme ulikuwa haujafika huko. Aliuacha tanurini, ndiyo kwanza umeanza kupoa wenyewe, tukaondoka wote kwa likizo ya wiki kadhaa. Ndiyo Idd pekee ambayo mimi na yeye tulikuwa nje ya mji kwa pamoja. Harusi ilikuwa nzuri, ndugu walivuka mto kutoka upande wa Msumbiji na ngoma zao, ila barafu haikufika na tulikunywa soda za moto. Soda zile nilimtania nazo kwa miaka. Mmakua anaoza mwana, nilisema, anawapa wageni soda zilizochemshwa. Tuliporudi tukakuta tanuri limezima na kupoa, kama ratiba ilivyotaka. Tukafungua mrija, tukapima kwenye barafu. Mshale haukuruka.

Ng'ambo nao wakapima. Ukinzani ukashuka ukawa sifuri.

Waliandika makala, jina lake likiwa la kwanza, na ndani yake maelezo ya upishi kama Mwalimu alivyowapa: uwiano huu, joto hili, kupoza pole pole kwa wiki hizi. Chuo kilimfanyia chai na maandazi. Mkewe alivaa kitenge kipya. Aliposimama kushukuru alisema maneno machache, na la mwisho lilikuwa bado. Sisi tulicheka. Laiti tungejua.

Maana wengine wakajaribu upishi ule. Watu wa nchi hii na ile, wenye tanuri bora kuliko letu mara kumi, wakapika kama makala inavyosema, na wakapata safu tupu. Msiba umekaa, hakuna anayetembea. Mwanzo waliandika kwa adabu, wakiuliza kama kuna jambo limesahaulika. Kisha adabu ikapungua. Mmoja akaandika kwamba labda kipande kilichopimwa si kilichotoka kwenye mrija. Mwalimu alinisomea maneno hayo kwa Kiswahili, taratibu, halafu akavua miwani na kuifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Wanasema niliwapelekea kitu kingine," akasema. "Wanasema mimi mwongo."

Tukapika tena, mshale ukaruka. Tukapika tena na tena, na kila mara mshale unaruka. Profesa wa ng'ambo, rafiki yake wa ujana, akaandika kwamba hana budi: isipopatikana sampuli nyingine yenye tabia ile ile, makala itafutwa hadharani. Madini yaliyobaki kwenye kabati yalitosha mrija mmoja, haba. Na Mwalimu alikuwa anakaribia kustaafu, na chumba chetu kilishaahidiwa watu wa kompyuta.

Miezi ile alikonda. Aliacha kuendesha baiskeli. Umeme ulipokatika alisimama hata kama tanuri lilikuwa tupu. Mkewe alinipigia akaniambia mzee hali, anasogeza tu wali kwenye sahani, na usingizini anahesabu. Mimi nami, nakiri, nilianza kuwaza vibaya. Si kwamba alidanganya, hilo ng'o, lakini nilijiuliza kama tulichanganya vipande, kama mkono wangu ulifunga kilicho sicho. Nilikuwa naamka na wazo hilo na kulala nalo.

Basi siku moja tukaenda Mikindani kununua barafu. Ya sokoni kwetu Ufukoni huwa imeshagusana na samaki, na Mwalimu alitaka safi, kwa hiyo tangu zamani tulinunua kwenye duka moja la familia ya Kihindi, Waislamu, waliokaa pale tangu enzi za mababu. Mzee mwenye duka alikuwa rika la Mwalimu, na walipenda kulalamikiana magoti. Siku hiyo hapakuwa na malalamiko. Mwalimu alikaa kwenye kreti ya soda, ameinamia miguu yake. Mimi, ili tu pawe na maneno, nikamwambia mwenye duka kwamba barafu yake siku hizi inayeyuka kabla haijafika kwenye gari.

"Shukuru ipo, binti," akasema, huku anafunga mfuko. "Kuna siku nilimwaga yote. Ile Idd ya harusi ya mwana wa Mwalimu. Nimeshaipanga kwenye magunia niipeleke kijijini, umeme ukaondoka asubuhi ukarudi kesho yake. Jenereta mji mzima hazina dizeli, sikukuu, nani atauza? Nilimtuma dereva aje kumwomba Mwalimu radhi. Hakuja?"

Dereva hakuja. Au alikuja akala pilau na akasahau, Mungu ndiye ajuaye.

Umeme ulikuwapo. Friji zilikuwa zinanguruma, taa inawaka, feni inazunguka juu yetu. Lakini Mwalimu alisimama. Alisimama vile vile, kichwa upande, akakaa hivyo mpaka mwenye duka akaniangalia kwa hofu na kwenda kumletea maji.

Mtanilaumu, mtasema imewezekanaje watu wazima wasijue. Ninawauliza nyinyi, nani Mtwara anakumbuka umeme ulikatika lini? Gesi inatoka hapo Mnazi Bay, tunaiona kwa macho, na mishumaa hatuachi kununua. Tuliporudi kutoka harusini umeme umesharudi, mji una kelele zake, hakuna hata mmoja aliyeona hiyo ni habari ya kumpa mtu. Tanuri letu likikaa bila umeme zaidi ya dakika chache halijiwashi tena. Tulilikuta limezima, na kuzima ndiko tulikokutarajia.

Njiani, barafu ikitudondokea miguuni, alinieleza kwa sauti ndogo, kama anajieleza mwenyewe. Ukipoza pole pole, watani wanapata muda. Wanatafutana. Mmoja anamwona mwenzake, anahama, na mwisho wanajikusanya kwenye pembe yao wanapiga soga, huku msiba unaendelea na safu zake kwa amani. Lakini ukipoza ghafla, kila mtani ananaswa pale pale alipokuwa, katikati ya watu. Hapo safu haziwezi kukaa. Maisha yake yote alikuwa anawapa watani muda wa kuondoka.

"Kitu cha moto," nikasema.

"Nyamaza, Mmakonde," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi alikuwa karibu kucheka.

Nilidhani tutaficha jambo lile mpaka tuone. Nilimshauri hivyo, na bado naona ulikuwa ushauri wa mtu mwenye akili. Tupike kwanza mrija wa mwisho, tuupoze ghafla, tupime. Ukifaulu tuwaandikie kwa kifua mbele. Usipofaulu, ya nini kujitangaza kwamba maabara yetu haikujua hata kama tanuri lilikuwa na moto? Watatucheka. Watasema hao ndio waliojifanya wana sayansi. Mwalimu alisikiliza yote.

"Nikingoja mrija," akasema, "nitakuwa nimesema kweli kwa sababu imenifaa. Niandikie leo."

Nikaandika mimi, yeye akitaja maneno. Upishi tuliowapa sio uliofanyika. Umeme ulikatika hatukujua. Kosa ni langu, alinitaka niandike, si la fundi. Hilo neno nilikataa kuliandika, akalichapa mwenyewe, herufi moja moja. Alipobonyeza kutuma alikaa kwenye kiti akaomba chai, na ilipokuja hakuigusa. Majibu ya ng'ambo yalikuwa mafupi: watasubiri mrija huo mmoja, kisha wataamua.

Kwa hiyo siku ya kuzima ikafika. Mchana, baada ya sala, jua la Mtwara linachoma madirisha. Mrija ulikuwa ndani, umeiva, na kilichobaki ni jambo ambalo mtoto angeliweza: kuzima swichi, kama umeme ulivyozima ile Idd. Mwalimu alichukua koleo akang'oa ile misumari ya kifuniko cha bati, mmoja mmoja, akaipanga mezani. Akaweka kidole juu ya swichi. Nikasubiri. Nilisikia mlio wa tanuri tu. Akaondoa kidole, akakirudisha, akakiondoa.

"Zima wewe," akasema.

Nikamwambia huu ni mrija wake, sio wangu.

"Miaka yote hii nimemwomba Mungu isizimike," akasema. "Mkono hautaki. Zima, mwanangu."

Nikazima. Na yeye, ambaye alikuwa ameshasimama, akajinyoosha akasimama zaidi, kichwa upande, akisikiliza jenereta ambayo safari hii haikuwa na sababu ya kuwaka.

Tulipopima, nilishika ndoo kwa mikono miwili kana kwamba itakimbia. Mshale ulikuwa unashuka taratibu jinsi kipande kinavyopoa. Kuna mahali kwenye ile mita, tulishapajua kama mlango wa nyumbani, ambapo siku zote ulikuwa unaruka. Ukapakaribia. Mwalimu alifumba macho. Ukapafikia, ukapita, ukaendelea kushuka kwa upole kabisa, mpaka chumvi na barafu vikaishiwa nguvu.

"Umepita," nikamwambia.

"Bado," akasema, macho amefumba.

Alikuwa sahihi, maana hiyo ilikuwa nusu tu. Kipande kikafungwa kwenye pamba kikasafiri. Mwezi ukaisha, Mwalimu akastaafu na zawadi ya saa ya ukutani na godoro, akahamia kijijini kwao karibu na Ruvuma kabla majibu hayajarudi. Tanuri lilitolewa na vijana wanne wakalisukumia stoo. Simu za "imewaka?" zikakoma, na kwa muda mrefu umeme ukikatika nilishika simu yangu mkononi nikiisubiri. Kule kijijini mtandao ulipatikana ukipanda kichuguu, na mzee mwenye magoti yale hakupanda. Kwa hiyo majibu yalikuja kwangu.

Niliyasoma nikiwa peke yangu kwenye chumba chenye kompyuta mpya. Nikayasoma tena, nikaomba ruhusa, nikapanda bodaboda.

Nilimkuta kibarazani na mkewe, feni ndogo imewekwa juu ya kigoda, inawapepea, maana umeme ulishafika hata huko. Nilipiga hodi, nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba huku anatafuta majibu kwenye uso wangu. Alikuwa amezeeka haraka. Nilipomkaribia nikasikia harufu ya sabuni na tumbaku ya kunusa, basi. Kitunguu saumu kilikuwa kimeisha. Sijui kwa nini hilo lilinichoma kuliko mvi.

Sikumchelewesha. Nilitoa simu nikamwonyesha mchoro waliotuma: mstari unaokuja kutoka kulia, unashuka, unashuka, halafu ghafla unaanguka wima na kulala chini kabisa.

Aliishika simu kwa mbali, akaisogeza, akaitoa mbali tena. Mkewe akamletea miwani. Aliufuata mstari kwa kidole bila kugusa kioo.

"Hapa," akasema.

"Hapo ni sifuri, Mwalimu."

Nikamweleza mengine. Makala haifutwi. Wanaisahihisha, na maabara mbili nyingine zimeshapika kwa kuzima ghafla zikapata kile kile. Aliitikia kwa kichwa, kisha akaniuliza kitu kimoja tu, kama wameandika ndani ya masahihisho kwamba umeme ulikatika. Nikamsomea sentensi yenyewe kwa Kiswahili: sampuli ya kwanza ilipoa ghafla kutokana na umeme kukatika Mtwara bila watafiti kujua. Akataka niirudie. Nikairudia. Mkewe akasema, basi soda zile za moto zilikuwa na kazi yake, na mzee akacheka, alicheka mpaka akakohoa, mkono kifuani, na mimi nikawa ninalia na kucheka kama wale watu wake wa msibani.

Nilisubiri aseme bado. Hakusema.

Ndipo feni ikapunguza mwendo, ikazunguka mara mbili tatu kwa uvivu, ikasimama. Redio ya jirani ikakatika katikati ya neno. Na mimi, bila kufikiri, nikajikuta nimesimama, kichwa upande, nasikiliza.

Mwalimu alikuwa amekaa. Alichukua birika, akanimiminia chai kwenye kisosi, akakisogeza upande wangu.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Hatuna kitu motoni."